Malindi ilipofungwa, gharama alibeba nani?

Watu wa Malindi bado hawajaafikiana kuhusu mwaka 2020. Kaa barazani na wazee jioni moja: mmoja atakwambia amri za serikali ndizo zilizotuokoa na korona, mwenzake atamjibu kwamba njaa iliingia nyumba nyingi kuliko huo ugonjwa. Wote wana hoja, ila kwangu hazina uzito sawa.

Yule wa kwanza simpingi. Mgonjwa wa kwanza alipotangazwa Kenya, Machi 2020, chanjo haikuwapo. Shehena ya kwanza ilitua nchini Machi 2021. Italia, walikotoka wageni wetu wengi na hata majirani wenye nyumba zao hapa, ilikuwa ikizika watu kwa mamia kila siku. Nani angethubutu kuacha milango wazi?

Ubishi unaanzia mfukoni. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa tarehe 25 Machi. Siku mbili baadaye ikaja kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, kisha Aprili Kaunti yetu ya Kilifi ikafungwa, watu wasiingie wala wasitoke, hadi Juni. Mpishi, dobi, dereva wa tuktuk, kijana wa kuuza vinyago ufuoni, wote wanakula kwa mgeni yuleyule. Hata mvuvi alikosa wa kumuuzia kamba mawe, maana huyo ni wa hotelini; nyumbani tunataka changu na tui la nazi.

Shirika la Afya Duniani lilisema wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25 katika mwaka wa kwanza wa janga. Huku kwetu asilimia hiyo ilikuwa baba wa watu anayeshinda kibarazani, usiku halali, na chumvi ikizidi kidogo kwenye mchuzi anafoka.

Wapo wanaosema familia angalau zilikaa pamoja. Ni kweli, kwa wenye mshahara ulioendelea kuingia. Na tarawehe za nyumbani zilizoeleka, wengine hata walizipenda. Msiba ndio haukuzoeleka. Mazishini waliruhusiwa watu 15. Jirani yangu alifiwa na mumewe kwa ugonjwa wa sukari, si korona, lakini masharti yalikuwa yaleyale: alianza eda bila hata shoga mmoja wa kumpikia uji.

Kwa hiyo kufunga nakutetea. Kufunga bila kuwashika mkono waliofungiwa kazi, hapana. Ilikuja Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa vibarua, sikatai, lakini hiyo ilikuwa ya vijana wa mitaa ya mabanda. Mpishi wa hoteli mwenye miaka 50 na watoto shuleni haikumhusu. Yeye alibaki kungojea ndege. Zikaanza tena Agosti, na wageni wenyewe wakakawia zaidi ya hapo.