Mwanamke anayelima chakula cha nyumbani: yumo kwenye ajira au hayumo?

Kwa kipimo cha zamani, zaidi ya asilimia 80 ya wanawake wa Rwanda walihesabiwa kuwa kwenye nguvukazi, yaani walio kwenye ajira pamoja na wanaotafuta kazi. Kwa kipimo kipya ni karibu nusu tu. Wanawake hawakutupa majembe. Kilichobadilika ni fasili. Mwaka 2013, wanatakwimu wa kazi walikutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani wakakubaliana kwamba ajira ni kazi ya malipo au ya faida, walau saa moja katika wiki inayoulizwa. Anayelima hasa ili familia ile hahesabiwi tena humo, na kama hatafuti kazi nyingine, anawekwa nje ya nguvukazi kabisa.

Wanaotetea badiliko hili wana hoja nzito. Kumweka mkulima asiyeshika hata shilingi kapu moja na muuguzi mwenye mshahara kulificha umaskini, kukafanya nchi maskini zionekane zimeipita Misri, ambako wanawake walio kwenye nguvukazi hawafiki asilimia 20.

Lakini mpaka wenyewe unateleza. Mwaka wa mavuno mazuri mama akiuza sehemu kubwa ya mahindi, anaingia kwenye ajira. Mwaka wa ukame akiyala yote, anatoka, ingawa jasho huenda lilikuwa jingi zaidi. India nayo huwahesabu wanaosaidia biashara ya familia bila malipo. Kiwango cha wanawake wake walio kwenye nguvukazi kilipanda kutoka asilimia 23.3 mwaka 2017/18 hadi 41.7 mwaka 2023/24, na sehemu kubwa ya ongezeko ni wanawake wa vijijini waliojiajiri au wasaidizi wa aina hiyo. Mishahara haikupanda hivyo.

Hata dodoso lina makosa yake. Ukimuuliza mwanamke "unafanya kazi?", wengi hujibu "niko nyumbani tu". Jaribio lililofanyika Tanzania lilionyesha kwamba dodoso fupi, lisilo na maswali ya kuchuja kuhusu shamba, mifugo au biashara ndogo, hushusha kiwango cha ajira ya wanawake.

Naona kipimo kipya kinafaa kwa swali la kipato, mradi wanaozalisha kwa matumizi ya nyumbani watolewe takwimu zao kando, kama azimio lenyewe la 2013 linavyotaka. Jedwali lisilo na safu hiyo halitoshi kuipanga Rwanda juu wala chini ya India.