Waelimishaji rika wa VVU: pambo la wafadhili au sehemu ya tiba?

Marekani iliposimamisha misaada yake ghafla Januari 2025, miongoni mwa waliorudishwa nyumbani katika huduma za VVU nchini Kenya walikuwamo waelimishaji rika: vijana wanaoishi na virusi ambao kazi yao ni kuwafuatilia wenzao waliokosa kliniki na kuwasikiliza. Kaunti kama Mombasa, ambayo tangu ugatuzi wa mwaka 2013 ndiyo yenye dhamana ya zahanati na hospitali zake nyingi, sasa haina budi kuamua iwapo kazi hiyo inastahili fedha za umma au ilikuwa pambo la wafadhili tu.

Wanaoiona kuwa pambo hawasemi ovyo. Katika mitaa ya Likoni, Kisauni au Majengo, ambako nyumba zimebanana na watu wanajuana kwa koo, kijana anayejulikana kwa kazi hiyo akipiga hodi mlangoni, jirani hahitaji kuelezwa zaidi. Wapo pia walezi ambao hawajamwambia mtoto kwamba alizaliwa na virusi, nao wanahofia kutanguliwa na mtu wa nje. Na ni mzigo mzito kwa kijana wa miaka 20, ambaye mwenyewe anameza dawa kila siku, kubebeshwa majonzi ya wenzake.

Hata hivyo, hoja hizi humtazama zaidi anayetoa huduma kuliko anayeipokea. Mtoto aliyezaliwa na virusi anapofika miaka 14, nyanya aliyekuwa akimsimamia kila jioni hawezi tena kumfuata, hasa akishapelekwa shule ya bweni. Huko hulazimika kuvitoa vidonge kwenye kopo na kuvifunga kwa karatasi, maana kopo hulia likitikiswa na bweni zima likasikia. Muuguzi humuuliza kama anameza dawa, naye hujibu kwamba anameza. Aliyepitia bweni hilo humuuliza anazificha wapi, na hapo ndipo mazungumzo ya kweli huanza. Sidhani kwamba ujuzi wa namna hiyo hupatikana kwa semina.

Ushahidi nao upo, na unastahili kusomwa kwa makini kuliko unavyosomwa. Nchini Zimbabwe, katika wilaya za Bindura na Shamva, watafiti waliwafuatilia kwa wiki 96 vijana wa miaka 13 hadi 19 waliokuwa wakipata matibabu. Katika kliniki za kawaida, asilimia 36 yao ama walikuwa na virusi vingi mwilini kipindi hicho kilipomalizika ama walikuwa wamefariki. Katika kliniki zilizoongezewa huduma ya mpango wa Zvandiri, ambao nguzo yake ni vijana wa miaka 18 hadi 24 wanaoishi na virusi, walikuwa asilimia 25. Mpinzani atasema kwamba hata huko robo nzima hawakufanikiwa, na kwamba mpango ulikuwa pia na vikao vya walezi na ziara za nyumbani, hivyo sifa zote haziwezi kuwaendea vijana peke yao. Ni kweli. Lakini tofauti ya watu 11 katika kila 100 si ndogo, na nani angefanya ziara hizo iwapo vijana wenyewe wangeondolewa? Kinachonigusa zaidi ni kwamba vijana hao walifunzwa na kusimamiwa; hawakuachiwa majonzi ya wenzao wayabebe peke yao.

Kwa hiyo hoja ya mzigo, ikipimwa vizuri, inadai usimamizi bora na wala haidai kuwaondoa vijana. Hoja ya siri nayo inajibika kwa kiasi kikubwa: mwenye kutembelewa achague mahali pa kukutana, na suala la kumweleza mtoto hali yake libaki mikononi mwa mlezi na mhudumu wa kliniki. (Foleni ya dawa iliyotengwa na ya wagonjwa wengine, mbele ya macho ya kila apitaye, imefichua siri nyingi bila msaada wa kijana yeyote.)

Serikali si kwamba haijui kulipa kazi ya namna hii. Mwaka 2023 ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja akiahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti.

Katiba, kwa upande wake, inaagiza vijana washirikishwe, ila kijana wa Katiba ana kati ya miaka 18 na 34, ilhali wanaohudumiwa na waelimishaji rika wana miaka 10 hadi 19. Kiti cha vijana katika vikao vya maamuzi kinaweza kukaliwa na mtu wa miaka 30 ambaye hajui kliniki ya siku ya masomo inamgharimu nini mwanafunzi.

Pingamizi moja sina jibu lake kamili: mwelimishaji rika hukua. Akifika miaka 25 huondoka, mara nyingi bila cheti chochote. Kaunti ikitambua miaka yake ya kazi kwa maandishi, huenda angalau akawa na cha kuonyesha anapoomba nafasi katika KMTC Mombasa, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, lakini karo bado itabaki juu yake.