Mnyoo wa milimita moja si wa kudharau

Kuna makala inayosema watafiti wanachunguza mawasiliano ya seli kwa kutumia mnyoo mdogo aitwaye C. elegans, na tayari kuna wanaocheka: pesa zote hizo kwa minyoo? Ngojeni kwanza. Mnyoo huyu si yule wa tumboni. Anaishi kwenye udongo na matunda yaliyooza, na mwili wake unapitisha mwanga kama kioo, kwa hiyo unaziona seli zikifanya kazi yeye akiwa hai. Seli zake za neva ni 302, zote zimehesabiwa.

Mwanabiolojia Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini, alichapisha mwaka 1974 utafiti wa minyoo wenye jeni zilizoharibika, wengine wakijikokota kama walevi. Baadaye ikaonekana kwamba tatizo la baadhi yao ni vifuko vinavyobeba kemikali ndani ya neva na kuimwaga nje. Jeni unc-18 ni mojawapo ya zinazohusika na kazi hiyo. Sisi tunayo inayofanana nayo, STXBP1. Ikiharibika, mtoto anaweza kupata kifafa kikali tangu uchanga. Bado mnacheka?

Mimi napenda lile jaribio la aldikabu, sumu ya wadudu. Inazuia asetilikolini, kemikali ambayo neva humwaga kuuambia msuli ujikaze, isivunjwe, hivyo mnyoo asiye na hitilafu hukakamaa na kupooza. Ambaye vifuko vyake havimwagi vizuri huchelewa kupooza. Sasa mpe huyo anayechelewa levamisoli (ndiyo, ile dawa ya minyoo tunayowanywesha mbuzi), inayofanya kazi kwenye msuli moja kwa moja. Akipooza kama wenzake, hitilafu iko kwenye neva. Unahitaji sahani, darubini, waya mwembamba wa kumgusia na saa, basi.