"Dada, una mtu pale?"

Binti mmoja aliniuliza hivyo Jumamosi, tumesimama Mwanjelwa hapa Mbeya, bahasha ya vyeti kwapani. Amemaliza shahada ya rasilimali watu, kaona tangazo la kazi, na kabla hajaandika hata barua anatafuta mtu. Niliumia, maana sikuwa na ubavu wa kumwambia anakosea. Kazi yangu ya pili niliipata baada ya mtu kunitaja. Nakubali.

Lakini hawa wadogo zetu tumewafundisha kutafuta mtu wa mlangoni tu. Mtu wa kumpigia saa nne usiku hatuwaambii habari zake.

Nilianzia kiwanda cha mbao huko Mufindi, afisa rasilimali watu peke yangu, miezi minne tu tangu nitoke chuo. Jioni moja meneja akataka fundi mashine aondoke kesho yake asubuhi, eti mbao zimepotea zamu yake. Barua nikaichapa. Usiku roho ikakataa, nikampigia mama mmoja wa Iringa, mkongwe wa kazi hii, tuliyekutana kwenye semina ya siku moja. "Mwanangu, umempa tuhuma kwa maandishi? Umempa saa 48 ajiandae? Kikao cha nidhamu kimekaa?" Hakuna hata kimoja. Kanuni za 2007, zinazoeleza utaratibu wa kumwachisha mtu kazi, nilizifanyia mtihani chuoni nikafaulu, ila mbele ya meneja aliyefura zote zilinitoka. Asubuhi nikaichana ile barua. Kikao kilipokaa, daftari la getini likaonyesha mbao zilitoka zamu nyingine kabisa. Yule baba akarudi kwenye mashine yake.

Bila namba ile ningemfukuza. Naye angebaki na siku 30 za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, kama angejua ipo.

Sasa fikiria maafisa wanaofanya kazi peke yao: viwanda vya chai Rungwe, mashamba ya Njombe, hospitali za misheni. Mikutano ya fani ni Dar, Dodoma, Arusha, na anayelipiwa nauli ni mkuu wa idara. Magrupu ya WhatsApp yamejaa CV. Swali la sheria likiulizwa, linapitwa.

Wenzangu tuliokaa miaka kwenye kazi hii, nawaomba tukutane Makambako, pale njia ya Songea inapoikuta ya Mbeya, Jumamosi moja kila miezi mitatu. Kila mmoja aje na kijana mmoja na kesi moja iliyomshinda.

Yule binti nilimwambia ukweli kwamba pale sina mtu. Nikampa namba yangu: akipata kazi, anipigie kabla hajasaini barua yake ya kwanza ya kumwachisha mtu kazi.