Tofali la Mwezini na swali la fundi wa Boko

Juzi nilimsimulia fundi anayenifyatulia tofali kule Boko kwamba Wamarekani na Wachina wanataka kujenga mwezini kwa udongo wa huko huko. Hakucheka. Aliinama kwenye lundo la mchanga, akachota, akafinya, kisha akafungua kiganja kuona tope lililobaki. Akauliza: "Sasa wakishafyatua, nani atamwagilia?"

Swali hilo limebeba nusu ya mjadala. Tofali la saruji haliwi gumu kwa kukauka bali kwa kunywa maji. Usipolimwagilia wiki nzima unaweza kulipukuchua kwa kucha. Mwezini hakuna hewa, kwa hiyo maji yakiachwa wazi yanachemka na kupotea. Si kwamba udongo wenyewe ni mbaya. Mwaka 1986 NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilimpa T. D. Lin, mtaalamu wa zege, gramu 40 za udongo ulioletwa na Apollo, safari za Wamarekani za Mwezini, akazichanganya na saruji, na zege likatoka imara kweli kweli. Ila alilitengeneza duniani, palipo na maji na hewa. Siku hizi watafiti wengi wanataka kuuchoma udongo kwa jua lililokusanywa na vioo, au kwa leza, kwenye nyuzi joto 1,000 na zaidi, hadi chembe zishikane bila tone la maji.

Wenye mashaka wana hoja zao, nami sizidharau. Hadi leo hakuna tofali hata moja lililofyatuliwa Mwezini. Udongo wote ambao safari za Apollo zilirudi nao ni kilo 382, haufikishi uzito wa mifuko minane ya saruji, kwa hiyo majaribio mengi yanatumia udongo wa kuigiza, uliotengenezwa duniani ufanane nao. Hata tofali ambazo China ilizipeleka kwenye kituo chake cha angani cha Tiangong Novemba 2024, ili zipigwe na mionzi na joto la angani, ni za udongo wa kuigiza. Halafu kuna nishati: tanuri la kiwanda cha saruji cha Wazo lina gesi ya Songo Songo, lakini sehemu kubwa ya Mwezi hukaa gizani siku 14 mfululizo. Na wapo wanaosema pesa hizo zingejenga madarasa. Sawa, ila si pesa zetu, na hakuna aliyetuuliza.

Mimi nimekwama kwenye bei ya usafiri. Kampuni ya Astrobotic ya Marekani ilitangaza kupeleka mzigo Mwezini kwa dola milioni 1.2 kwa kilo. Chukua mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, ule anaoubeba saidia fundi begani huku anapiga soga. Kuufikisha kule ni dola milioni 60. Mwaka 2022 NASA iliipa kampuni ya ICON ya Texas mkataba wa dola milioni 57.2 itengeneze mitambo ya kujengea kwa udongo wa Mwezini. Yaani mkataba mzima, wahandisi, maabara, miaka ya kazi, haufiki nauli ya mfuko mmoja. Hata bei ya nauli ikishuka mara kumi, bado ni dola milioni sita kwa mfuko. Anayesema huu ni ubadhirifu aniambie kwanza yeye angesafirisha mifuko mingapi.

Ila nadhani pande zote mbili zinabishania kitu kisichokuwapo, yaani nyumba. Picha zinazosambaa zinaonyesha vyumba vya tofali vyenye madirisha, na wanaobeza wanabeza picha hizo. Hapo wana haki. Hewa tunayovuta Dar ukiifungia chumbani Mwezini, ambako nje hakuna kitu cha kuisukuma irudi, itasukuma kila mita ya mraba ya ukuta kwa nguvu ya tani 10 hivi. Ni kama lori la kokoto limeegemea kila mita ya ukuta wako kutokea ndani. Tofali linavumilia kukandamizwa, halivumilii kuvutwa. Ndiyo maana linta tunaiwekea nondo. Ukitaka uzito wa udongo peke yake uizuie hewa hiyo, kwa mvutano ule wa moja ya sita ya wetu, ungehitaji kifusi cha mita kama 37 juu ya dari.

Kwa hiyo hewa itashikwa na hema la kujazwa upepo au pipa la chuma kutoka duniani. Kazi ya udongo ni kulifunika kwa mita mbili tatu dhidi ya mionzi na vimondo vidogo, na kazi yake ya kwanza kabisa ni sakafu ya kutulia vyombo. Apollo 12 ilipotua Novemba 1969 ilikuwa kama mita 160 tu kutoka Surveyor 3, chombo kilichotangulia mwaka 1967. Wanaanga walipokiendea walikikuta kimepigwa msasa na vumbi lililorushwa na moto wa injini yao walipotua, na vipande walivyorudi navyo vilikuwa na vidonda. Vumbi la kule halijawahi kuviringishwa na mto wala upepo, kila chembe ina makali kama chupa iliyopondwa. Kituo chochote bila sakafu kitajipiga risasi chenyewe kila mgeni anapotua.

Wazee wa Kilwa walijengea matumbawe na chokaa, na vyumba vyao vilikuwa vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haikuwafikisha mbali zaidi. Walijenga kwa kipimo cha boriti, na hakuna aliyesubiri mbao za nje. Udongo wa Mwezini nao unatoa kipimo chake: jamvi la sakafu, kifusi, ukuta wa kukinga vumbi. Hakuna ghorofa hapo.

Nilimrudia fundi nikamweleza hivyo, kwamba ni jamvi tu wanataka. Akatikisa kichwa kukubali, akakuna kidevu. "Na kushindilia? Umesema huko vitu ni vyepesi. Kompakta yao itabonyeza nini?"