Nyerere alipoacha mfumo wa chama kimoja, je alikua kigeugeu?

Kila ikikaribia Oktoba 14, siku aliyofariki Nyerere, ubishi unarudi ule ule. Kuna wanaosema Mwalimu alikua na msimamo mmoja mpaka anaingia kaburini, na kuna wanaosema alikua kigeugeu, leo anafuta kesho anarudisha. Kiukweli kila upande una ushahidi wake, ila wa pili ndio unaoniuma zaidi maana unafanya ionekane mtu mzima akibadili mawazo basi hajawahi kuwa na mawazo.

Tuangalie yaliyotokea. Serikali za mitaa zilifutwa 1972, vyama vya ushirika 1976, vyote vikarudishwa mwanzoni mwa miaka ya 80, na mwaka 1984 akiwa bado Rais alisema wazi kwamba kama angeanza upya hayo mawili asingeyafanya. Afu kuna chama kimoja, kilichowekwa kisheria 1965 na yeye mwenyewe ndo alikitetea kwa hoja kuliko kiongozi mwingine yeyote Afrika. Mwaka 1990 huyo huyo akaanza kusema hadharani kwamba watu waachwe wajadili vyama vingi. Alikua na miaka 68. Tunaambiwaga samaki mkunje angali mbichi, sasa huyu alikua ameshakauka kabisa na bado akakunjika, tena kajikunja mwenyewe.

Hapa ndo ninapokaaga sana kwenye namba za Tume ya Nyalali. Tume iliundwa 1991 na Rais Mwinyi, ikazunguka nchi nzima kuuliza watu, na karibu asilimia 77 wakasema chama kimoja kiendelee, waliotaka vyama vingi walikua kama asilimia 21 tu. Hebu fikiria, mtu aliyelifundisha taifa chama kimoja ameshatoka huko na taifa alilolifundisha bado limebaki pale pale. Wengine wanasema wananchi waliogopa kusema ukweli, inawezekana kwa baadhi, ila mi sidhani kama ndo maelezo yote. Aliyezaliwa 1965 alikua na miaka 26 na hajawahi kuona kitu kingine, shuleni chama, kijijini balozi wa nyumba kumi ni wa chama, na akigeukia nje anaona majirani wanauana. Kwake chama kimoja hakikua hoja, kilikua ndo amani yenyewe. Na hata hao asilimia 77 wengi walitaka kirekebishwe, kwahiyo sio watu waliokua wamelala.

Nyerere yeye alikifikia kwa kufikiri. Mtoto wa chifu wa Wazanaki, kabatizwa 1943 akiwa ameshakua mtu mzima, kapita Makerere, kasoma Edinburgh 1949 mpaka 1952, mtazamo wake aliutafuta kipande kipande na alijua kila kipande kakiweka kwasababu gani. Chama kimoja kwake kilikua njia ya kupata umoja na utawala wa watu, alipoona viongozi wamebweteka kwasababu hakuna wa kuwaondoa, akaona njia haifiki tena. Nia yenyewe hakuiacha. Azimio la Arusha, lile la ujamaa, alilitetea mpaka uzeeni, wakati walio wengi kwenye chama chake walishalipa kisogo. Ndo maana namtofautisha na wale wanaohama chama usiku kwa kisingizio cha kuunga mkono juhudi za rais, wale ukiwauliza nini kilichobaki hawana jibu.

Sasa wanaompinga wana hoja moja nzito na sio haki kuipita juu juu. Alibadilika wakati ambapo kubadilika hakumgharimu kitu. Urais alishauacha 1985, uenyekiti wa CCM aliuacha 1990 hiyo hiyo. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani ilipita 1962 na ikatumika chini yake akiwa Rais. Oscar Kambona, aliyekua waziri na rafiki yake wa karibu, alitofautiana nae akakimbilia Uingereza 1967 na hakurudi mpaka 1992, miaka 25, karudi sheria ya chama kimoja ikiwa imeshabadilishwa. Yani kilichokua usaliti kwa mwingine kikaja kuwa busara kwa mzee.

Hoja hiyo naikubali, ila inachothibitisha ni kwamba alichelewa, haithibitishi kwamba hakuwa mkweli. Mwaka 1992 angeweza kabisa kukaa kimya kijijini kwake Butiama na asilimia 77 zingemlinda, chama kingeendelea na heshima yake ingebaki, yeye akajitokeza kuwashawishi wana CCM wenzake waukubali mfumo ambao wengi hawakuutaka. Wanachodai familia za waliowekwa ndani ni kitu kingine, ni kwamba yale ya mitaa na ushirika aliyatamka kwa mdomo wake kuwa yalikua makosa, basi na la kuwafunga watu kwa mawazo yao lilistahili kutamkwa hivyo hivyo. Hapo mi niko nao.