CD Ni Yako, Nakala Si Yako

Chukua CD yako ya miaka ile, imekwaruzika hadi wimbo wa tatu unakwamakwama. Unaitia kwenye kompyuta, unahamishia nyimbo kwenye flashi, halafu CD unairudisha kabatini. Umemwibia nani?

Uingereza jibu liligeuka mara mbili ndani ya miezi kumi. Tarehe 1 Oktoba 2014 serikali ilimruhusu aliyenunua CD kihalali ajitolee nakala ya kutumia mwenyewe, ikiwemo ya akiba. Julai 2015 Mahakama Kuu ikaifuta ruhusa hiyo.

Waliokwenda mahakamani ni wanamuziki na watunzi. Ni rahisi kuwaona wachoyo. Mimi mwenyewe nilianza hivyo. Lakini sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2001 iliziachia nchi wanachama, Uingereza ikiwemo wakati huo, ziruhusu nakala binafsi kwa sharti kwamba mwenye haki ya kazi inayonakiliwa afidiwe. Serikali ya London haikuweka fidia yoyote. Ilidai hasara ni ndogo mno, maana wauzaji huwa wameshazihesabu nakala hizo kwenye bei. Mahakama ikaona ushahidi wa dai hilo hautoshi.

Yaani waligombania pesa. Wajerumani waliliona hilo tangu 1965: wakaweka tozo kwenye vifaa vya kurekodia, wenye haki wakagawiwa. Napendelea njia hiyo, ingawa ina kero yake. Anayenunua flashi ya kuwekea picha za harusi ya dada yake naye analipia nyimbo ambazo hajanakili.

Ninapoachana kabisa na wenye haki ni kwenye kufuli za kidijitali, yaani mbinu zinazowekwa ndani ya diski au faili ili lisinakiliwe. Marekani, mwaka 1984, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba kurekodi kipindi cha televisheni ili ukitazame baadaye si kosa. Sheria ya 1998 ikaja kukataza kuvunja kufuli, na mwaka 2009 mahakama huko California ikazuia kuuzwa kwa RealDVD, programu iliyomwezesha mtu kuhifadhi DVD zake kwenye kompyuta. Diski umeinunua, mtoto akiikanyaga, kanunue nyingine!

Kuhusu Uingereza kuna kichekesho kimoja. Sheria yao inamruhusu mwenye programu halali ya kompyuta kutunza nakala ya akiba anayoihitaji, na hata mkataba hauwezi kumnyima. Mwenye albamu hana haki hiyo.